Ilani ya Hati Iliyopotea

Kila Ijumaa, kabla sijaongea na mteja yeyote, mimi husoma gazeti la serikali. Si yale ya mpira na siasa yanayouzwa stendi. Nasema lile serikali huchapisha yenyewe, lenye majina ya waliokufa, mashamba yanayorithiwa na hati zilizopotea. Liko kwa simu, bure, mtu yeyote anaweza kulisoma. Labda ndiyo maana hakuna anayelisoma. Serikali yetu haifichi kitu, bwana. Inakiweka wazi kabisa, mahali ambapo inajua hutaangalia.

Nafanya kazi kwa saiba, duka la kompyuta, hapa Voi. Natoa kopi, nafungulia watu akaunti za serikali, nawapiga picha za kitambulisho na kuwaambia wasicheke. Shule niliiachia kidato cha pili. Mengine yote nimejifunza kwa kubonyeza, nikikosea narudi nyuma, nabonyeza tena. Na mdomo nilizaliwa nao, huo hakuna aliyenifunza.

Mambo ya gazeti yalianza na mama mmoja aliyekuja kuuliza habari za shamba la marehemu mumewe. Nikatafuta jina la mume, nikalipata. Shemeji zake walikuwa wameenda kortini kuomba mirathi, ilani ikatoka, muda wa kupinga ukaisha, shamba likaenda.

"Mbona hukupinga, mama?" nikamuuliza.

"Ningepinga nini na sikuambiwa?"

Lakini alikuwa ameambiwa! Aliambiwa kwa Kiingereza, kurasa za katikati, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nilipiga meza hadi printa ikatema karatasi tupu. Yule mama ndiye alinituliza mimi, badala ya mimi kumtuliza yeye. Kuanzia hapo nikajiapiza kwamba hakuna mtu wangu atakayeambiwa kitu kwa njia hiyo bila mimi kujua.

Watu wangu ni wachache. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba simtaji. Aliyenilea ni nyanya, mama yake mama, kule Chala, karibu na mpaka wa Tanzania. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hivyo yeye huniita mama. "Mama, umekula?" Mtu wa miaka yake ananiita mimi mama! Ukimgusa huyo, umenigusa mimi kwa jicho.

Sasa fikiria Ijumaa hiyo. Chai iko mkononi, nashuka na kidole kwa ilani za hati zilizopotea. Kisumu, Kilifi, Machakos. Halafu Taita Taveta. Halafu jina la nyanya yangu, yote matatu, na namba ya shamba lake la Chala.

Ilani hizo zinafanana zote. Zinasema fulani ndiye mwenye shamba, na ushahidi wa kutosha umeonyesha kwamba hati yake imepotea. Basi zikiisha siku sitini bila mtu kupinga, msajili wa ardhi atatoa hati mpya. Hati mpya ikitoka, ile ya zamani inabaki karatasi ya kufungia njugu.

Chai ilimwagika kwa kibodi. Hati imepotea? Nyanya? Mwanamke ambaye hajawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu?

Kitu cha kwanza nilichofanya ni sachi, yaani kuuliza ofisi ya ardhi shamba hilo limeandikwa kwa nani. Unajaza namba ya shamba, unatuma, unangoja. Jibu liliporudi, jina lilikuwa bado la nyanya, na hakuna mkopo juu yake. Nikapumua, lakini nusu tu. Kwa sababu hati haiwezi kutangazwa imepotea bila mtu kuapa mbele ya wakili. Nani aliapa? Nyanya hajui kusoma. Anaweka dole gumba. Na dole gumba la mzee huwa linashikwa na mtu mwingine.

Sikufikiria mara mbili. Mjomba.

Mjomba ndiye kitinda mimba wa nyanya, mwanamume peke yake aliyebaki. Anakaa Bomeni, mjini Taveta, ananunua ndizi na nyanya za sokoni kwa wakulima na kupakia kwa magari ya Mombasa. Mwaka mzima alikuwa anaimba wimbo mmoja, pikapu. Angekuwa na pikapu yake angefanya hivi, angefanya vile. Na pikapu inataka mkopo, na mkopo unataka hati. Mtu hahitaji digrii kuunganisha hiyo.

Nikaomba ruhusa, nikashuka Taveta. Nilimkuta amesimama katikati ya mikungu, kalamu sikioni, anabishana na dereva. Sikumwamkia.

"Mjomba, hati ya nyanya iko wapi?"

"Hujambo kwanza."

"Sijambo sitaki. Hati iko wapi?"

Wapakiaji wakaacha mikungu chini. Mmoja akasema, "Eh, leo kumekucha."

"Imepotea," mjomba akasema. "Unauliza kitu unajua. Si umesoma huko kwa gazeti lako?"

"Imepotea, ama umeipoteza?"

"We msichana, nitakuchapa mbele ya hawa watu."

"Nichape! Wakiuliza sababu nitawaambia unauza mama yako kwa pikapu!"

Dereva akacheka. Mjomba hakucheka. Akanivuta kando, nyuma ya lori, na nilishangaa kwa sababu uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Niliomba hiyo hati, kweli. Nilimwomba mama mara nyingi. Siku moja akaniambia mchwa wameila. Nikasema basi twende tutoe nyingine, tusikae bila. Akakubali. Nikampeleka kwa wakili, akaulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, akaweka kidole. Kama kuna mwizi hapo, nionyeshe."

"Na hiyo mpya ikitoka, ataishika nani?"

Akachomoa kalamu sikioni, akairudisha. Nikaliona hilo.

"Mimi ndiye nafuatilia," akasema. "Nani mwingine ataenda kuichukua, wewe?"

Nikaondoka bila kuaga. Mchwa! Nikajiambia huyu amedanganya, na akidanganya vizuri hivyo basi amefanya mazoezi.

Nyanya alikuwa kwa jiko lake kule Chala, anachambua pojo. Nikamwamkia, akanipa kigoda, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Gazeti, ilani, siku zinavyokwisha, mjomba, pikapu, mchwa. Nilitegemea alie. Nilikuwa hata nimepanga jinsi ya kumshika.

Akaendelea kutoa mawe kwa pojo.

"Mama," akaniambia, "punguza sauti. Kuku wataacha kutaga."

"Nyanya, umesikia nilichosema? Anasema wewe ndiye ulisema mchwa wameila!"

"Ndiyo. Mimi nilisema."

"Wameila?"

"Mchwa wa wapi? Hati iko."

Nikakaa chini tena, maana nilikuwa nimesimama bila kujua.

Ikatoka polepole, katikati ya pojo na mawe. Jirani yake wa zamani, mjane kama yeye, alikuwa na kijana aliyechukua hati akaweka rehani. Dalali akaja, shamba likapigwa mnada mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na jembe. Nyanya aliona kwa macho yake. Basi mjomba alipoanza tu habari ya pikapu, yeye akachukua hati, akaifunga kwa kitenge, akavuka nayo mpaka, akampelekea mdogo wake aliyeolewa upande wa Tanzania, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

"Kwa nini Tanzania, nyanya?"

"Mwanangu atapekua nyumba yangu. Atapekua kwa dada zangu wote wa huku, hata kanisani. Lakini hatafikiri shamba la Kenya linaweza kulala Tanzania. Wewe ungefikiri?"

Nisingefikiri. Watu wa huku wanavuka na mahindi, na mbuzi, na wagonjwa, na maharusi. Kuvusha hati kwenda kufichwa ng'ambo hilo lilikuwa jipya.

"Sasa kwa nini uliweka kidole kwa wakili?"

Hapo ndipo aliacha pojo.

"Ningesema nini? Nilishamwambia imeliwa. Ningekataa, angejua nilimdanganya, angeanza kutafuta upya. Nikafikiri ni karatasi tu, itakaa kwa ofisi ilale kama karatasi zingine. Sikujua serikali itaniamini."

Serikali ilikuwa imemwamini. Uongo wa jikoni ulikuwa umekwenda mpaka Nairobi, ukavaa Kiingereza, ukarudi ukiwa sheria. Siku zikiisha, hati ya kweli iliyo ng'ambo inakufa, mpya inazaliwa, na anayeipokea ni mwenye kutaka pikapu. Nyanya alikuwa ameficha shamba vizuri sana mpaka akaliacha wazi.

"Basi twende tukaichukue, tukapinge," nikasema.

"Twende na nani?"

"Mimi na wewe."

Akatikisa kichwa. "Nikienda na wewe hatanipa. Nilimwapisha. Nilimwambia, nikija na mtu wa damu yangu, hata nikilia, hata nikigaagaa, usinipe. Maana mtoto anaweza kumleta mamake hapo kwa nguvu. Nije peke yangu, kwa miguu yangu."

"Lakini mimi si mjomba, nyanya! Ni mimi!"

"Wewe ni damu yangu ama si damu yangu?"

Nikaanza kutoa mawe kwa pojo zake.

Magoti ya nyanya yalikuwa mabaya mwaka huo. Kwenda chooni tu alishika ukuta. Kwa hivyo nikafanya kile mtu kama mimi hufanya akikatazwa. Asubuhi nikavuka peke yangu, nikauliza njia, nikafika kwa huyo nyanya mdogo. Nyumba ya bati jipya, ua umefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu mjukuu wangu. Habari za Kenya?"

Alinipa uji, akaniuliza habari za mvua, za ndovu, za kila mtu. Swahili yake laini, mpaka unahisi yako ina mawe. Nikamweleza shida, nikamwonyesha hata ilani kwa simu. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Mimi sijui hati yoyote," akasema.

"Bibi, yeye mwenyewe ameniambia iko kwako."

"Huenda. Lakini mimi sijui hati yoyote."

"Hizi siku zikiisha shamba litaenda!"

"Pole sana, mjukuu wangu. Ongeza uji."

Nilipandisha sauti. Najuta kidogo. Nilimwambia pengine ameshaiuza, ndiyo maana ana bati jipya. Hakukasirika hata kidogo. Alisimama, akafungua mlango, akaushikilia.

"Dada yangu alisema atakuja mtu mwenye maneno mengi," akasema. "Nilidhani atakuwa mwanamume. Nenda salama."

Njia nzima kurudi nilikuwa nahesabu sababu za kumshuku. Bati jipya. Miwani. Kwa nini aliitazama ile namba ya shamba muda mrefu hivyo? Nikafika nyumbani nimeshamfunga jela. Nyanya aliponiona mavumbi ya miguu alijua nilikotoka.

"Alikupa?"

"Alinifukuza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Vizuri. Basi iko salama."

Kesho yake aliondoka. Nilimwomba nimtafutie pikipiki, akakataa, kwamba mwenye pikipiki atakuwa mtu wa kuulizwa. Alichukua fimbo, akajifunga leso mbili, akabeba ndizi kidogo za mdogo wake. Nikamsindikiza mpaka mahali njia inagawanyika. Hapo akanigeukia.

"Usivuke. Ukivuka nitajua."

Nikakaa kwa kibanda cha mama anayeuza mandazi, na hiyo siku ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Unajua kumngoja mtu mwenye magoti mabovu, kwa njia huruhusiwi kukanyaga? Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Mama wa mandazi akaniuliza kama nimeachwa na bwana. Nikamwambia nimeachwa na nyanya. Nikaona amekwama, ameanguka, yule dada amemkatalia, hati haipo, haikuwahi kuwepo. Kila aliyekuja kutoka ule upande nilimkazia macho mpaka mmoja akaniuliza, "Dada, unanidai?"

Alitokea jua likiwa limelegea, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Nikakimbia mpaka pale njia inagawanyika, nikasimama hapo hapo, sikuvuka. Alipofika akaniegemea uzito wote. Nilipomshika kiunoni nilisikia, chini ya leso, kitu bapa kikilia kama karatasi ngumu.

Pingamizi nililiandika mimi mwenyewe, kwa saiba, nikalisoma mara nyingi kutafuta kosa. Halafu likaja jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nyanya alikuwa ameapa. Kuapa uongo mbele ya wakili ni kesi. Tukienda pale na hati mkononi, afisa akauliza, "Nani aliapa kwamba imepotea?", tunamjibu nini? Ningeweza kuokoa shamba nikamtia nyanya matatani. Nikamwambia. Akasema, "Nitasema ukweli. Nimezeeka, watanifunga wanilishe."

Siku ya kwenda ofisi ya ardhi, mjomba alikuwa amefika kabla yetu, na shati la kola. Nani alimwambia? Mpaka leo sijui. Nikajua amekuja kumaliza kazi. Neno lake moja tu lingetosha. Angesema, "Huyu mama aliapa mbele yangu," na pale pale nyanya angegeuka kutoka mwenye shamba akawa mshtakiwa.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, na kikombe kando ya faili. Akafungua kitenge, akaitazama hati mbele na nyuma, akalinganisha na faili yake.

"Ni yenyewe," akasema. "Sasa mama, si ulisema hii imepotea?"

Nyanya akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Na mjomba akaongea kwanza.

"Ilikuwa imepotea. Nilitafuta nyumba nzima mimi mwenyewe. Sasa imepatikana."

"Imepatikana wapi?"

"Kwa mzigo wa nguo," mjomba akasema. "Si unajua wazee wanavyoweka vitu."

Akamtazama mama yake alipokuwa anasema hivyo, na akaangalia kile kitenge, ambacho sasa kilikuwa cha mdogo wa nyanya, chenye jina la kiwanda cha Tanzania ukingoni. Alikuwa ameelewa. Nilimwona akielewa, shingo yake ikibadilika rangi. Afisa akaandika, imepatikana, akatuambia ombi la hati mpya litasimamishwa, akatutakia siku njema. Basi. Jambo lililotunyima usingizi lilimalizwa na neno moja.

Nje, mjomba akamfuata mama yake taratibu.

"Mama. Kweli ulinidanganya mimi?"

"Ulitaka pikapu."

"Ungesema hapana."

"Nilisema hapana mara ngapi?"

Mjomba alimshika mkono akamvusha barabara, akamtafutia kivuli, akamnunulia maji, kama mtoto mwema kabisa. Mimi nikasimama nikimwangalia. Ndiyo, alimkinga mama yake. Lakini pia mama akifungwa, shamba lingekwama kortini, na hati iliyokwama haipewi mkopo. Ni lipi kati ya hayo mawili lilimfanya aongee? Sina jibu. Nikimwangalia sana naona yote mawili.

Hati sijui iko wapi sasa. Niliomba nipige hata picha kwa simu, nyanya akasema simu huibwa. Kwa dadake haijarudi, hilo nina hakika, kwa sababu mjomba sasa anajua njia.

Majuzi aliingia hapa saiba. Mjomba, na shati lile lile. Akangoja wateja watoke, akavuta kiti.

"Nataka sachi," akasema. "Shamba la mama."

"Kwa nini?"

"Ofisi ni ya umma ama ni yako?"

"Unataka kujua nini?"

Akaniangalia macho kwa macho. "Nataka kujua kama bado ni lake. Wewe ndiye unaandika makaratasi yake yote siku hizi. Wewe ndiye unamsomea. Yeye anaweka kidole tu."

Mimi! Mimi niliyekaa siku nzima kwa mandazi! Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi, yalipanga foleni mdomoni. Lakini alichosema kilikuwa ndicho kile kile nilichokuwa nimemtuhumu nacho, na ukikiangalia kutoka upande wake wa kaunta kilikuwa na maana.

Nikajaza namba, nikatuma. Mjomba akaondoka, na jibu liliporudi nikampigia simu, akaja. Nikamgeuzia skrini asome mwenyewe. Alisoma na kidole, polepole, kutoka juu mpaka chini, akarudi akasoma jina tena.

"Nitolee kopi," akasema.

Nikamtolea mbili, yake na yangu.